Kupima Patupu

Shemeji alipiga simu Alhamisi jioni kusema kwamba Jumamosi asubuhi angekuja kumchukua Chiriku akakae kwake, na Daktari akajibu, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, njoo."

"Wewe bwana, nakwambia namchukua mwanao, unanijibu kama nakuletea mtungi wa gesi!" Shemeji alikuwa na sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara, hata Daktari akaisogeza simu mbali na sikio. "Sikiliza. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, hilo halina mjadala. Lakini sitaki siku moja watu waseme nilimnyang'anya baba mtu mtoto wake. Kama hutaki aende, sema. Neno moja tu. Nitakaa kwangu, wala sitanuna."

Daktari alilitafuta hilo neno. Alilitafuta kwa uaminifu kabisa, kama mtu anavyojipapasa mifukoni akitafuta funguo mlangoni. Hakupata kitu. "Njoo tu," akasema. "Shule za huko ni nzuri."

Tuseme mapema, ili asichukiwe bure: hakuwa mtu katili. Alikuwa amekufa ganzi. Mke wake, fundi cherehani, mwanamke wa vicheko na pini mdomoni, alianguka akiwa amesimama dukani kwake akimpima mteja mabega. Moyo uligoma ghafla, na gari lilipofika hospitali mambo yalikuwa yamekwisha. Tangu siku ile kifua cha Daktari kilikuwa kama shavu lililochomwa sindano kwa daktari wa meno. Unajua ni lako, unaligusa, halijibu. Siku ya mazishi alisimama wima, akapeana mikono na watu wote, akamwambia mwenye kukodisha viti kwamba viwili vina miguu mibovu. Wanawake wakanong'onezana kwamba bwana huyu ana roho ngumu. Roho yake wala haikuwa ngumu, ila yeye mwenyewe hakujua imekwenda wapi.

Hata hilo jina la Daktari lilikuwa nusu mzaha. Udaktari wake ulikuwa wa nyota. Majirani walilijua hilo vizuri sana, na bado walimletea vipele vyao na presha zao, naye kwa miaka mingi alikuwa akiwashauri wanywe maji mengi, ushauri ambao mpaka leo haujamdhuru mtu.

Na Chiriku? Chiriku alipewa jina hilo na mama yake kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akiongea mpaka usingizini. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu msiba maneno yake yangeweza kuhesabiwa kwa vidole: shikamoo, asante, nimeshiba. Aliosha vyombo, akasoma, akazima taa. Hakulia. Daktari alimtazama mara nyingi mezani, akaona macho makavu, akajiambia kwamba mtoto yuko salama, kwani angekuwa anaumia si ningeona? Mtu aliyesomea kuona vitu vilivyo mbali kiasi kile anakuwa na imani ya kijinga na macho yake.

Alipoweka simu chini alimkuta binti yake kwenye ujia, amebeba nguo zilizoanuliwa.

"Mama mdogo anakuja Jumamosi," Daktari akasema.

"Najua. Ameniambia."

"Unataka kwenda?"

Chiriku aliinua mabega. "Wewe unaonaje, Baba?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Basi sawa."

"Sawa."

Ungewasikia ungedhani ni watu wawili wanaoachiana kipande cha mwisho cha mkate, kila mmoja kwa adabu zake, mpaka mkate ukauke sahanini. Chiriku akaenda chumbani kwake kukunja nguo. Daktari akabaki pale kwenye ujia, akiwa hajui alikuwa anaelekea wapi.

Ijumaa alikwenda kazini kama kawaida. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye meza mbili, kompyuta nne na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Meza ya pili ilikuwa ya Bi Kelele, mtafiti mwenzake. Aliitwa hivyo si kwa sababu ya mdomo, maana aliongea taratibu kama mtu aliye maktaba, bali kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchunguza kelele za vipokezi vya mawimbi, ajue ipi ni ya chombo, ipi ni ya hewa, na ipi inatoka mbinguni kweli. Makala yao ilitakiwa kwa mkuu wa idara siku hiyo kabla ya watu kutoka kazini.

Makala yenyewe ilihusu vibete kahawia. Kibete kahawia ni kitu kilichoanza maisha kama nyota, kwa wingu la gesi na vumbi kujikusanya na kujibana, lakini wingu likawa haba, kikabaki na uzito usiotosha kuwasha ule moto wa katikati unaoifanya nyota iwe nyota. Hivi vya kwao vilikuwa bado vichanga, vimejifunika mavumbi yao. Swali lilikuwa moja. Je, kando ya vichanga hivyo vidogo kuna molekuli za kikaboni, zile zenye kaboni ndani yake, ambazo baadaye zinaweza kuungana na kufanya mambo makubwa zaidi? Walitafuta methanoli, pombe ile ile rahisi ya viwandani isiyonyweka. Kila molekuli hutoa mawimbi ya redio kwa masafa yake maalumu, kwa hiyo ikiwepo, kwenye mchoro wa data huinuka kilima chembamba mahali panapojulikana. Pasipo kilima, hakuna methanoli.

Na kwa kibete chao kikuu, kile walichokipa muda mrefu kuliko vyote, hapakuwa na kilima. Mchoro ulikuwa tambarare. Daktari alikuwa ameandika "hakuna" katika muhtasari, "hakuna" katika matokeo, na "hakuna" katika hitimisho, na kusema kweli hakuna neno lililomtoka kwa urahisi zaidi mwaka ule.

"Njoo uone hiki kishimo," Bi Kelele akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Kipi?"

"Hapa. Pembeni kidogo ya pale ambapo kilima kingekuwa."

"Ah, hicho. Nimekiona. Ni kipokezi hicho, kina matatizo yake."

"Kipokezi hiki mimi ndiye mkwe wake, nakijua tabia," akasema Bi Kelele. "Hakichimbi mashimo. Patupu pako ulipachagua vipi?"

Hapo inabidi mtu aeleweshwe kidogo. Dishi la redio likielekezwa angani halisikii kile unachokitafuta peke yake. Linasikia hewa, linasikia joto lake lenyewe, linasikia kila takataka. Kwa hiyo unalielekeza kwenye kitu chako, kisha unalisogeza pembeni, mahali pasipo na kitu, halafu unatoa kilichosikika mara ya pili kwenye kile cha kwanza. Ni kama mwenye duka anavyopima bakuli tupu kabla ya kutia unga, ili asimuuzie mtu bakuli. Watu wa kazi hii hupaita mahali hapo patupu, na kupachagua ni jambo la dakika chache ambalo hakuna anayelisimulia kwenye mikutano.

"Nilisogea mashariki," Daktari akasema. "Huwa nasogea mashariki. Ramani inaonyesha peusi kabisa."

"Ramani gani?"

"Ile ya vumbi."

Bi Kelele akageuka na kiti chake kizima. "Ile ya vumbi haioni gesi, Daktari."

Alijua. Ni jambo ambalo angemkata mwanafunzi maksi kwa kulisahau. Lakini alikuwa amesogea mashariki kwa miaka, kitu baada ya kitu, mkono ukienda wenyewe kama unavyotafuta swichi ya taa gizani, na kila mara mambo yalikuwa sawa au yalionekana sawa. Walikaa meza moja. Walichukua data ya mahali pale patupu peke yake, wakaikagua kwa kutoa ndani yake data ya patupu pengine, pa kibete kingine kilichotazamwa siku ile ile, mbali na pale. Kompyuta ikatafuna kwa muda. Maji yakadondoka kwenye ndoo.

Mchoro ulipotokea, mahali patupu palikuwa na kilima.

Hakikuwa kirefu, lakini kilisimama bila shaka yoyote, kwenye masafa ya methanoli. Pale alipoona peusi palikuwa na wingu baridi la gesi, limetanda kimya, na kila siku ya kazi Daktari alikuwa akilipima na kulitoa kwenye kibete chake, akifuta kwa mkono wake mwenyewe kile alichokuwa akikitafuta. Kile kishimo kilikuwa ukingo ambapo alikwangua zaidi ya kilichokuwepo.

"Sasa weka kibete na patupu hapa papya," akasema Bi Kelele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Waliweka. Kilima kilichoinuka kwa kibete kililingana kwa urefu na cha wingu, ila kilikuwa chembamba zaidi, si cha wingu lile. Kitoto kile kilikuwa na methanoli yake mwenyewe. Bi Kelele alipiga kofi moja, akasimama, akakaa, akasema kwamba haiwezi kutangazwa bado, lazima waombe muda wa dishi upya, wapime na patupu pa kweli, wahakikishe mara tatu, na huku anasema hivyo alikuwa anacheka peke yake.

"Hufurahi?" akamwuliza.

"Nafurahi," akasema Daktari, kama mwanafunzi anayeitika jina darasani.

Bi Kelele alimtazama. Alikuwa amekuja msibani, alikuwa ameosha sufuria pamoja na wengine nyuma ya nyumba, kwa hiyo alijua alichokuwa anakitazama. Hakusema pole, maana pole zilikuwa zimekwisha kutolewa zote. "Mimi nitamwambia mkuu kwamba makala haiendi," akasema. "Wewe nenda nyumbani ukakae na mtoto."

Daktari akaenda nyumbani. Akakaa, kweli. Chiriku alikuwa chumbani na mlango umerudishiwa, na kutoka ndani ilisikika zipu ya begi ikifungwa, ikifunguliwa, ikifungwa tena. Mara mbili Daktari alisimama nje ya mlango ule. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kilichokuwa kinajaribu kuinuka, chembamba, naye hakujua ni nini. Mara zote mbili aliondoka bila kugonga.

Shemeji alifika Jumamosi na teksi, na kabla hajaketi alikuwa ameshafungua madirisha yote ya sebuleni.

"Humu ndani mnaishi au mmehifadhiwa?" akauliza. "Mwanangu, njoo nikuone. Umekonda. Babako naye amekonda. Hivi mnapika kweli au mnatazamana tu?"

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba. Begi ni hili moja tu? Haya. Dereva yuko nje, ana haraka zake." Aliketi pembeni mwa kochi, mkoba mapajani, akamgeukia Daktari aliyekuwa amesimama katikati ya chumba na kandambili zake miguuni, mikono ikimning'inia. Sauti ikashuka. "Shemeji, nakuuliza mara ya mwisho, na mtoto anasikia. Aende?"

Daktari alifungua mdomo. Alimtazama binti yake, amesimama kando ya mlango, uso mkavu, hana dalili ya chochote. Yuko tayari, akawaza. Ameshajiandaa, hana neno. Nitamshikilia vipi mtu ambaye hana neno?

"Kama mwenyewe anaona ni sawa," akasema.

"Mimi nimekuuliza wewe, si mwenyewe!"

"Mwache tu, Mama mdogo," akasema Chiriku. "Baba anaishi peke yake siku nyingi."

Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja saa.

"Unasema nini?" Daktari akauliza.

"Si ulisema mwenyewe. Mkuu wako alipiga simu, ile wiki watu walipoondoka msibani. Alikuuliza uko na nani nyumbani. Ukamwambia, hakuna mtu, niko peke yangu." Chiriku alikuwa anautazama mkanda wa begi, anauzungusha kidoleni. "Nilikuwa nakula. Hapo mezani. Nilikuwa mbele yako, Baba."

Shemeji aliufungua mdomo wake mkubwa, halafu akaufunga, na hilo peke yake lilikuwa tukio.

"Sikukasirika," Chiriku akaendelea. "Nilidhani labda ndivyo ilivyo. Kwamba Mama alikuwa ndiye mtu, mimi nilikuwa tu... nipo. Nikajaribu nisikusumbue. Wewe hulii, nami nikaona nisilie, nitaonekana najifanya."

Ganzi ikitoka haitoki kwa raha. Inatoka kwa kuuma, na ilianza kumuuma pale pale, chini ya mbavu, vibaya sana. Aliikumbuka simu ile. Alikumbuka alivyokuwa amesimama karibu na jokofu, na mezani mtoto ana kijiko mkononi, na kijiko kikasimama hewani, kisha kikaendelea. Alikiona kijiko kile kikisimama. Alikuwa amekiona kwa macho yake haya, akakipita.

"Jana kazini tumegundua kitu," akaanza, maana ndiyo lugha pekee iliyomjia. "Tulikuwa tunapima mahali ambapo..."

"Jamani, nyota tena?" Shemeji akasema. "Leo?"

Safari hii Shemeji alikuwa na haki. Daktari akaanza upya.

"Nataka ubaki," akasema. Sauti ilitoka imekwaruza kama ya mtu aliyeamka. "Nilitaka tangu Alhamisi. Tangu zamani. Nilikuwa sijui kama nataka. Chiriku, usiende."

Begi lilishuka likagusa sakafu. Chiriku alimtazama baba yake muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso ule ulionekana wa mtoto.

"Ungesema Alhamisi," akasema polepole. "Sasa hivi siwezi kubaki humu, Baba. Humu hakuna anayeongea. Nikipiga chafya naona aibu. Nataka kwenda."

Shemeji alikuwa ameshainuka kumsogelea. Daktari alikuwa ameshalisogelea begi. Alilibeba, nao wakadhani amekubali, wakamfuata nje mpaka kwenye teksi. Alilitia begi nyuma, akafunga buti. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaingia, akasogea mpaka dirisha la pili, akaketi na mikono magotini.

"Wewe unakwenda wapi?" Shemeji akauliza.

"Naenda naye."

"Kwangu? Utalala wapi?"

"Popote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakaponiambia nirudi. Au atakapotaka turudi wote. Mimi sijui, Shemeji, lakini simwachi."

"Mwenzangu, kwangu kuna watoto wanne na choo kimoja!"

"Sawa."

"Na hizo kandambili?"

Daktari alijitazama miguuni. Shemeji alimwangalia, akaangalia juu, akapumua kwa nguvu. "Dada yangu alikuwa na kazi," akasema, akaenda kukaa mbele. Chiriku alisimama kidogo na mkono mlangoni. Kisha aliingia, akaketi karibu na baba yake, mabega yakigusana, kwa sababu nafasi ilikuwa finyu na kwa sababu hakujisogeza.

Dereva aliwasha gari, akatupa jicho kwenye kioo. "Mzee, mlango mmeuacha wazi. Kuna mtu ndani?"

Daktari aligeuka akaitazama nyumba, madirisha yote yamefunguliwa, pazia la sebuleni linatoka nje na kurudi.

"Hakuna mtu," akasema, na neno la mwisho likamkatikia mdomoni. Akalia. Alilia kwa kwikwi, mbele ya dereva asiyemjua, kamasi zikimtoka, amejikunja kama mtu aliyepigwa teke la tumbo, na Shemeji naye huko mbele akaanza, kwa sauti yake ile ile ya kuvuka barabara.

Chiriku alimtazama baba yake, midomo ikimcheza, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Kisha akafungua mlango wa gari, akarudi kuifunga nyumba, akaja amembebea viatu.